Aliyeigawa Kompyuta kama Mbuzi

Katika mtaa wetu mjini Baraka, kando ya ziwa, mtu yeyote anaweza kuchinja mbuzi, lakini si kila mtu anaweza kumgawa. Kuchinja ni nguvu ya mkono. Kugawa ni siasa. Ndiyo maana kila palipokuwa na ndoa, kilio au mapatano ya familia mbili, kabla sufuria haijatolewa ndani, mtu alitumwa kwenda kumwita jirani yangu. Jina lake sitalitaja, kwa sababu hatapenda, na pia kwa sababu hata wajukuu zake wanamwita Mgawaji. Siku alipougua, mchungaji wa kanisa lake alimwomba Mungu amponye Mgawaji, bila kueleza zaidi, na Mungu akaelewa anayezungumziwa ni nani.

Hakugawa nyama akiwa amevaa nguo za kazi. Alivaa koti la suti, jeusi, akakunja mikono ya koti hadi viwikoni, na sijawahi kuona tone la damu kwenye koti hilo. Majani ya migomba yalitandazwa chini, watu wakarudi nyuma, naye akauliza swali lake: "Nani haiko hapa?"

Wageni walidhani amekosea, kwamba alitaka kuuliza nani yupo. Hakukosea. Mgawaji alianza na mjomba aliyebaki Fizi milimani kwa sababu ya miguu, na shangazi aliyekuwa ziwani akingoja samaki, na bibi ambaye hakualikwa kwa makusudi. "Ule iko hapa ana kinywa," alikuwa akisema. "Ule haiko, kinywa yake ni mimi." Nimesikia hotuba nyingi za haki katika maisha yangu, nyingine kwa kipaza sauti, na hakuna iliyonipendeza kama hiyo.

Sheria yake ya pili ilinipendeza kidogo zaidi, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Kwake, fungu lilipimwa kwa jicho. Mkubwa apewe kipande kikubwa, mdogo apewe kidogo, basi. Siku moja mama mmoja alimwambia kwamba ini, ingawa dogo, ni tamu kuliko paja, kwa nini baba mkwe asipewe ini? Mgawaji aliweka kisu chini kabisa.

"Mama, sikia. Utamu inaishia kwa ulimi ya ule anakula. Ukubwa inaonekana na batu yote. Ukimupa muzee kipande kidogo, hata kikuwe kitamu sawa asali, umemutukana mbele ya kijiji."

Mimi nikatikisa kichwa kwa kukubali, kama nilivyotikisa kichwa kwa mambo mengi ambayo leo ningeyakataa.

Yeye mwenyewe hakula mbuzi. Alisema nyama hiyo inamkaza viungo. Shingo, ambayo ni haki ya mgawaji, aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye jani, akaenda nayo nyumbani kwa heshima kubwa na kumpa mbwa wake. Mbwa huyo alikuwa mnene kuliko mchungaji. Mgawaji alikaa kando akila bugali kwa samaki wa mikebuka na mboga ya sombe, akimtazama mbwa akila heshima yake.

Tena, mtu huyu aliyegawa vitu vya Baraka nzima hakugawa vyake. Redio yake hakuna aliyeigusa. Kiti chake kilibaki kitupu hata nyumba ikijaa wageni waliosimama. Na maneno hakugawa hata kidogo: katika mazungumzo ya watu wanne, yeye alichukua mafungu matatu, na lile la nne alilikatiza katikati. Mke wake, mama mfupi mwenye ulimi mrefu, alikuwa akisema: "Bwana yangu ni muntu wa haki sana. Kwa nyumba ya bengine."

Kesi aliyojivunia zaidi ilikuwa ya baiskeli ya kijiji cha Mboko. Ndugu wawili walirithi baiskeli moja na kila mmoja aliitaka yote. Mgawaji alikwenda, akampa mkubwa chuma chenyewe na usukani, akampa mdogo magurudumu. "Sasa mumoja hawezi kutembea bila mwenzake," aliwaambia. "Nimewafunga kamba ya undugu." Alihadithia jambo hilo miaka mingi. Alisema ndugu hao hawakuwa wakisemezana, na baada ya hukumu yake wakawa wanaonana kila asubuhi. Nilipopita Mboko kwa shughuli zangu niliulizia. Ni kweli walionana kila asubuhi, ili kutukanana, hadi walipochoka wakaiuza kwa mfanyabiashara wa muhogo, ambaye ndiye mtu pekee aliyewahi kuipanda. Nilirudi Baraka na habari hiyo na sikumwambia. Niliona ni adabu. Siku hizi naona ilikuwa uvivu.

Lazima niseme kidogo juu yangu, kwa sababu nimo katika kosa lenyewe. Nilisoma sekondari mpaka mwisho, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuulizwa. Nimeulizwa dawa ya mihogo, maana ya ndoto, bei ya dhahabu na njia ya kwenda Kanada. Nimejibu yote. Neno "sijui" nilifundishwa shuleni katika lugha mbili, sikulitumia katika hata moja.

Mgawaji alikuwa na wana wawili wa kiume. Mkubwa alifanya kazi Uvira katika duka la simu, akarudi na viatu vyeupe na utaratibu wa kusema polepole. Mdogo alitengeneza vipaza sauti vya kanisa na kila kitu chenye waya mtaani. Kwa kawaida walikuwa wakinuniana. Lakini wakapata wazo moja, na kwa mara ya kwanza wakalipata pamoja: kufungua nyumba ya michezo ya kompyuta, vijana waje wacheze mpira kwenye kioo, walipe kwa mchezo. Watacheza wawili wawili, watazamaji watakaa kwenye mabenchi, mama atauza maandazi mlangoni. Jua lingeleta umeme kwa mabamba ya paa, na siku za mvua jenereta ya kanisa ingekodishwa.

Baba yao alifurahi mpaka akamwazima mtu redio. Mke wake aliniambia kwenye uzio, akikausha macho kwa kitenge: "Hii kompyuta si ya michezo, jirani. Ni ya batoto yangu kukaa fasi moja. Ikikufa hii, mumoja atarudi Uvira, mwingine atakwenda nisikojua, na mi nitazeekea na mbwa." Mgawaji aliuza shamba lake la michikichi la Mboko. Pesa ikawa mezani, na panapokuwa na kitu mezani, yeye huvaa koti.

Fundi mmoja wa kompyuta wa Uvira alipigiwa simu, sauti ikawekwa wazi ili wote tusikie. Alikuwa kijana mwenye subira. Alieleza kwamba kompyuta ya michezo ina vitu viwili vinavyokula pesa. Kimoja ni prosesa, ndiyo inayofikiri: mpira uko wapi, nani anakimbia, kipa aruke upande gani. Cha pili ni karti ya picha, ndiyo inayochora vyote hivyo kwenye kioo, nyasi, jezi, uso wa mchezaji, na inachora upya kila mara, haraka haraka.

"Mimi nitashugulikia prosesa," alisema mkubwa, kwa ule upole wake wa Uvira.

"Basi karti ni yangu," alisema mdogo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa sote tulitabasamu. Tangu dakika ile vile havikuwa tena vyuma. Vilikuwa ni wana.

"Muzee," alisema fundi, "kwa michezo, mupe karti pesa mingi. Karibu mara mbili ya prosesa. Prosesa ya katikati inatosha kabisa."

Mgawaji aliinamia simu kama mtu anayenusa samaki. "Mudogo akule mara mbili ya mukubwa? Kwa nyumba ya nani?"

"Si mambo ya mukubwa na mudogo, muzee. Ni mashini."

"Mashini iko na baba. Baba yake ni mimi."

Mke wake alisema waachiwe wanaojua. Mgawaji alinigeukia mimi: "Jirani, we ulisoma. Sema."

Ningeweza kusema kwamba katika masomo yangu yote sikuwahi kuona kompyuta ila kwenye picha. Badala yake nilikohoa, nikasema kwamba kichwa ndicho kinachotawala mwili, na kwamba macho bila akili ni dirisha tu. Sentensi ilikuwa nzuri. Naikumbuka bado kwa uzuri wake. Mgawaji alinipigia makofi, akagawa pesa nusu kwa nusu, akasema amefanya hata huruma kwa mdogo.

Mizigo ilifika kwa lori kutoka Uvira, na mtaa ukaja kuangalia, maana Mgawaji alikuwa ametangaza. Mdogo alifungua boksi lake kwanza. Karti ilitoka, nzito, ndefu kama tofali la kuchoma, na vipepeo viwili vya kuipoza vikimetameta. Watu wakasema ah! Kisha mkubwa akafungua lake. Ndani ya boksi kulikuwa na boksi, ndani ya boksi kulikuwa na plastiki, na ndani ya plastiki kulikuwa na kitu cha ukubwa wa biskuti.

Watu walinyoosha shingo waione. Halafu mchuuzi mmoja wa samaki, mwanamke ambaye Mgawaji aliwahi kumpa mbavu akitaka paja, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Ee, mama yangu! Mudogo amepata muguu, mukubwa amepata jino!"

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika hadi kijiji cha Lweba. Mkubwa alicheka pia, lakini kwa midomo tu. Mgawaji alitazama biskuti ile, akatazama tofali lile, na uso wake ukawa wa mtu aliyekamatwa akiiba. Maisha yake yote hakuwahi kumpa mkubwa kipande kidogo mbele ya watu. Sasa alikuwa amempa mwanawe mwenyewe.

"Papa," alisema mdogo, "ndivyo zilivyo. Zote prosesa ni ndogo."

"Nyamaza. Ule ameshiba hafundishe mwenye njaa."

Akaamua kurekebisha. Karti ilirudishwa kwa lori lile lile, ibadilishwe kwa ndogo ya bei nafuu, na tofauti yake iongezwe kwenye prosesa, mkubwa apate prosesa kubwa ya kweli. Fundi alipiga simu akalalamika mpaka salio lake likaisha. Mimi nilikuwepo. Niliulizwa tena, na nikasema kwamba kitu cha thamani hulipiwa thamani. Hata sijui maana yake.

Siku zilipita, lori likarudi. Karti mpya ilikuwa nyembamba, yenye kipepeo kimoja. Mgawaji alivaa koti kwa ajili ya prosesa. Watu walikuja tena. Boksi likafunguliwa, na boksi la ndani, na plastiki.

Ilikuwa biskuti ile ile.

Yaani ilikuwa ghali zaidi, yenye nguvu zaidi, na maandishi mengine mgongoni, lakini kwa jicho ilikuwa biskuti ile ile. Mgawaji aliigeuza, akaiangalia pembeni, akaipima kwa kidole gumba. "Pesa yote ile," alisema taratibu, "na haikunenepa?" Alitaka kuirudisha tena. Mke wake akakaa juu ya boksi.

Siku ya kufungua, nyumba ilijaa hadi madirishani. Sanduku la kompyuta liliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cha ndoa, likiwaka taa nyekundu na buluu. Vijana wawili walishika vidhibiti. Mwanzo kila kitu kilikwenda vizuri, kwa sababu mwanzo ulikuwa wimbo tu. Kisha mpira ukaanza, na kila uliposogea langoni, pale penye watu wengi, picha iliganda. Mchezaji alisimama hewani mguu mmoja juu, kama mtu anayekumbuka deni. Watu wakashika pumzi. Picha iliporudi, mpira ulikuwa tayari wavuni na wachezaji wanakumbatiana.

"Nani amefunga?"

"Haikuonekana!"

"Basi si goli!"

"Ni goli, angalia banafurahi!"

Fundi, kwa simu, alisikiliza makelele akasema neno ambalo mtaa unalitumia hadi leo: "Prosesa yenu inaangalia dari, muzee. Imemaliza kazi yake, inangojea. Karti njo inatoka jasho yote." Akashauri picha zipunguzwe ubora. Mdogo akapunguza. Nyasi zikatoweka, uwanja ukawa kama meza iliyopakwa rangi. Watazamaji wa uwanjani wakawa madoa. Akapunguza tena, na wachezaji wakapoteza nyuso.

"Tunacheza na mizimu!" alipiga kelele kijana mmoja, na wengine wakacheka wakatoka wakienda kwa jirani wa karibu na soko, mwenye mashine kuukuu isiyo na akili nyingi wala macho mengi, lakini akili na macho yake yanaelewana.

Wiki chache baadaye mabenchi yalikaa na vumbi na maandazi yalirudi nyumbani. Ndipo ugomvi ukaja, mchana kweupe, uani, na mimi nikiwa upande wa pili wa uzio nikijifanya napalilia.

"Papa alitoa kwa sahani yangu akaongeza kwa yako," alisema mdogo.

"Mi sikuomba."

"Hukuomba, lakini ulijua! Ulikaa dukani Uvira, ulijua fundi alisema kweli. Kuniambia mi peke yangu uliniambia. Mbele ya papa ukafunga kinywa, juu kuitwa mukubwa ilikuwa tamu!"

Mkubwa aliinama kupangusa vumbi kwenye viatu vyake vyeupe. Mdogo aliingia ndani, akachukua bisibisi, akafungua sanduku na kutoa karti yake. Mkubwa, kwa hasira ya aibu, akaingia naye akatoa biskuti yake. Mdogo alikwenda Lweba kwa ndugu wa mama, mkubwa akahamia upande mwingine wa Baraka, kila mmoja na fungu lake, kama watu wanaotoka kwenye sherehe. Nyumbani likabaki sanduku tupu. Lilikuwa na mlango wa kioo, na mbwa alipenda kujitazama humo.

"Umegawa nyama ya Baraka yote," alisema mke wake, bila kupandisha sauti, "na batoto yako njo umewaachia mifupa."

Baada ya hapo Mgawaji aliendelea kuitwa kwenye sherehe, akaenda, lakini swali lake lilimshinda. Aliuliza "Nani haiko hapa?" na kabla ya kujibiwa, aligeuka akatazama barabarani. Nilimwona mara mbili akikabidhi kisu kwa mtu mwingine. Redio aliiacha nje, yeyote aisikilize. Mimi niliacha kwenda kumsalimu jioni, nikijiambia ana huzuni na asisumbuliwe. Ukweli ni kwamba kila nikimtazama nilisikia sentensi yangu ya kichwa na macho, na haikuwa nzuri tena.

Mara ya mwisho nilipokaa naye hasa ilikuwa Lweba, majira haya ya kiangazi. Alikuja mlangoni kwangu asubuhi bila koti, akasema: "Jirani, twende kwa mutoto. Unipeleke." Yeye alipanda pikipiki moja, mimi nyingine. Nyuma yetu ilikuja ya tatu, nami sikuuliza ni ya nani, kwa sababu nilikuwa nimeshika kofia yangu na kumwomba Mungu.

Mdogo alikuwa anakaa katika nyumba ndogo ya matofali, juu kidogo ya mahali wavuvi wanapoanika samaki wadogo wa ndagala. Alitupokea kwa adabu yote: viti, maji ya kunawa, salamu ya kila mtu mmoja mmoja. Karti yake ilikuwa kwenye rafu, imefungwa kwenye shati safi. Baba yake aliiona, akaangalia pembeni.

Kwetu baba hamwombi mtoto msamaha. Maneno hayo hayajatengenezewa njia. Mgawaji alizunguka muda mrefu: mvua, mihogo, bei ya mafuta ya mawese. Kisha akasema, akitazama miguu yake:

"Prosesa imerudi Uvira. Fundi ameichukua, ametoa ya katikati. Tofauti yake, fundi anasema, inatosha kubadilisha karti yako, upate ile ya kwanza. Ile ya vipepeo viwili."

Mdogo alinyoosha mkunjo wa shati lile kwenye rafu.

"Yaya yako, mukubwa yako, amekubali kupunguzwa," alisema baba.

"Amekubali yeye mwenyewe, ao we njo umemusemea?"

Mtu aliyekuwa kinywa cha wote wasiokuwepo safari hii hakumsemea mtu. Alinyoosha mkono tu kuelekea barabarani. Huko, kando ya pikipiki ya tatu, alikuwa amesimama mkubwa na viatu vyake vyeupe vimekuwa vyekundu, amekumbatia sanduku la kompyuta kifuani kama anayebeba mtoto mgonjwa. Hakusogea. Hakuwa amekaribishwa.

Mdogo alisogea mlangoni. Lori lilipita likaelekea Mboko, na vumbi lake likamfunika kaka yake mzima, sanduku na mtu. Lilipotulia, alikuwa pale pale.

"Hiyo sanduku itajaa vumbi," alisema mdogo, kama anayejisemea.

Mgawaji alinigeukia, macho yake yamejaa. "Jirani. We ulisoma. Vumbi ni mubaya kwa kompyuta?"

Nilifikiri kwanza. Hilo peke yake lilikuwa jambo jipya kwangu.

"Ni mbaya sana," nikasema. Na ni kweli, nimeulizia baadaye.

Mzee akasimama, akaweka mikono kinywani, akaita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mabenchi yalipobaki matupu:

"Ingia! Mudogo yako anakuita!"

Sijawahi kusikia katika nchi hii mkubwa akiitwa hivyo mbele za watu. Wanawake waliokuwa wakigeuza ndagala waliinua vichwa waone kama ataitika. Aliitika. Tena alikuja mbio.